Spanieli: mbwa wa kuwinda na wa nyumbani (soma kabla hujatoa hela)

Najua mmezoea kunikuta hapa na habari za bandari, mpira na nauli za daladala, leo nakuja na MBWA. Kabla hujafunga ukurasa ukasema dogo kaishiwa habari, nipe dakika kumi tu za hiyo buku yako ya kafe. Ni habari ya mbwa kweli, ila ndani yake kuna hela iliyopotea, mtoto aliyelia wiki nzima na ushauri mbovu. Na aliyetoa huo ushauri mbovu ni mimi mwenyewe.

Iko hivi. Dada yangu ameolewa Uingereza, mkoa wa Norfolk, mashariki ya nchi, kule kwenye mashamba makubwa na vichaka. Shemeji anapenda kuwinda ndege, hasa fezanti. Huyu ni ndege mkubwa wa jamii ya kuku na kwale, dume lake lina mkia mrefu na rangi za kung'aa. Msimu wa kumwinda Uingereza ni tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 1 Februari, na Jumapili hairuhusiwi. Sasa mwaka 2021 shemeji akataka mbwa wa kuwinda, dada akataka mbwa wa kucheza na mpwa wangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka minne. Wakavutana wee, mwisho dada akanipigia: "Dogo, wewe si unashinda kafe? Mimi nikitoka zamu nimechoka hata kusoma siwezi. Hebu tutafutie mbwa mmoja wa kufanya kazi zote mbili."

Nikajiona mtaalamu. Nilisoma siku tatu, nikarudisha jibu: chukueni spanieli. Hapo sikukosea. Nilikosea kwenye kilichofuata, na ndiyo sababu naandika makala hii. Kijana wangu, huenda na wewe una ndugu nje, au una kiwanja na unaota kufuga. Usirudie ya kwangu.

SPANIELI NI MBWA GANI?

Spanieli ni jina la familia nzima ya mbwa wa kuwinda ndege. Jina lenyewe wengi wanaamini limetokana na Hispania, lakini aina nyingi tunazozijua leo zilitengenezwa Uingereza. Kuna springa, kuna koka, kuna wa Welsh, kuna wa majini, na kuna wale wadogo wa kupakatwa. (Koka siyo mbwa koko jamani, tusichanganye, ingawa huyo wa mtaani kwetu naye ana akili zake.)

Kazi yake inaitwa kukurupusha. Mbwa wa ndege wako wa aina tatu ukiangalia kazi. Poynta akinusa ndege anasimama kama sanamu, pua inaelekea ndege alipo, anamsubiri mwindaji. Labradori hasa kazi yake ni kuokota ndege aliyeanguka na kumleta. Spanieli anaingia mwenyewe ndani ya kichaka cha miiba, anapita zigizaga kushoto kulia mbele ya mwindaji, na akikuta harufu anamrukia ndege mpaka apae. Ndege akishapaa, spanieli aliyefundishwa ANAKAA CHINI papo hapo. Hakimbizi. Mwindaji anapiga, halafu mbwa anatumwa kwenda kuokota na kuleta mkononi bila kumtafuna.

Sasa angalia ugumu wa hiyo kazi. Bunduki ya ndege ni ya marisau, na marisau yanafaa kwa umbali wa kama mita 30 au 40 tu. Mbwa akienda mbali zaidi ya hapo, ndege anapaa na hakuna wa kumpiga. Kwa hiyo unamtaka mnyama mwenye wazimu wa kuingia kwenye miiba, na papo hapo mwenye sikio la kusikia filimbi moja akasimama. Moto na breki kwenye gari moja. Vizazi na vizazi wafugaji wamekuwa wakichagua mbwa wenye vitu hivyo viwili, na hapo ndipo utamu na matatizo yote ya spanieli yanapotoka.

Wale mliowahi kutua viwanja vya ndege vya Uingereza mtakuwa mmemwona, yule mbwa wa masikio marefu anayepita kwenye mabegi huku mkia unazunguka kama feni. Ni pua ileile. Mwaka 2003 kule Safwan, kusini mwa Iraki, springa mmoja aitwaye Buster alinusa silaha zilizokuwa zimefichwa, na Waingereza wakampa nishani ya Dickin, nishani yao kubwa ya wanyama wa vita. Mbwa wa namna hiyo hapumzishi akili kirahisi. Kumbuka hilo tukirudi nyumbani kwa dada.

SPRINGA NA KOKA

Hawa ndiyo wawili ambao watu wengi wanachagua kati yao.

Springa ni mkubwa zaidi, urefu wa mabegani kama sentimita 50 na uzito kilo 20 na kidogo. Miguu mirefu, nguvu nyingi, anafaa shamba la wazi, vichaka na hata maji. Koka ni mdogo, kama sentimita 40 na kilo 13 mpaka 15. Alikuwa wa kukurupusha ndege wa porini waliojificha kwenye vichaka vizito, kwa hiyo anapenya chini kwa chini. Zamani walikuwa kitu kimoja, watoto wa tumbo moja waligawanywa kwa uzito: mwepesi ni koka, mzito ni springa. Ni mwishoni mwa karne ya 19 ndipo koka alipoandikwa peke yake, na springa akafuata mwaka 1902.

Watu watakuambia springa anapenda kukufurahisha na koka ni mjanja mwenye mambo yake. Kuna ukweli, lakini siyo hapo pa kuanzia. Pa kuanzia ni hapa chini, na mimi nilipita bila kusimama.

JINA MOJA, MBWA WAWILI

Ndani ya springa kuna mbwa wawili, na ndani ya koka vilevile. Kuna wa kazi na kuna wa maonyesho. Kwenye karatasi wote wanaandikwa jina moja. Ukiwaweka pamoja unaweza kuapa ni aina tofauti.

Wa maonyesho ana mifupa mizito, manyoya mengi, masikio marefu yanayoning'inia na sura ya huruma ile ya kwenye kalenda. Kwa kawaida ni mtulivu zaidi, ingawa mtulivu wa spanieli bado ni mtu wa kukimbia. Wa kazi ni mwembamba, manyoya machache, masikio mafupi kidogo, na macho yake hayatulii. Huyu amezaliwa kwa baba na mama waliochaguliwa kwa mbio, pua na hamu ya kazi, na wao wazazi wao vilevile, kwa miaka mia.

Namna ya kujua bila kudanganywa ni kuangalia hati ya ukoo. Mbele ya majina ya babu na bibi kunakuwa na herufi. Ukiona FTCh, huyo alikuwa bingwa wa mashindano ya kuwinda. Ukiona Sh Ch, huyo alikuwa bingwa wa maonyesho ya sura. Karatasi ikijaa FTCh ujue unanunua injini ya mbio.

Mimi sasa nilichagua kama mtu anayechagua simu dukani, yenye sifa nyingi kuliko zote. Nikaona uzao wa springa umejaa FTCh, nikamwandikia dada: "Huyu ndiye, mtoto wa mabingwa." Shemeji alifurahi mno. Wakatoa paundi 900, wakamwita Digger.

KILICHOTOKEA

Mfugaji alikuwa mtu safi, sina neno naye. Tena aliwauliza maswali mengi, mengine dada aliyajibu kwa aibu na kuongeza chumvi. Na Digger alikuwa mbwa safi.

Tatizo ni nyumba. Dada anafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za masaa mengi. Shemeji Jumatatu mpaka Ijumaa yuko barabarani. Digger alitembezwa nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, kuwinda ni Jumamosi chache za msimu. Springa wa kazi anahitaji masaa mawili kwa siku au zaidi, na siyo miguu tu, ANAHITAJI KUTUMIA PUA NA AKILI. Miezi kumi hivi akaanza kula mlango. Halafu kubweka mpaka jirani akalalamika. Halafu akaanza kuokota soksi, midoli, chochote, maana damu yake inamwambia okota. Na kila akiokota, nyumba nzima inamkimbiza na kumnyang'anya kwa kelele.

Wadau, hapa mnisikilize. Mbwa wa kuokota akizoea kunyang'anywa, anaanza kulinda alichookota. Siku moja mpwa wangu alimfuata chini ya meza kuchukua mdoli wake, Digger akamng'ata mkono. Siyo vibaya, michubuko, hakushonwa. Lakini dada akasema basi.

Walimrudia mfugaji, naye akawatafutia mzee mmoja anayetunza fezanti kwenye shamba, mtu anayeshinda nje kutwa. Hela hawakuidai. Nasikia Digger mpaka leo ni mbwa wa kusifiwa kule. Mpwa wangu yeye alilia wiki nzima, kwenye simu akaniuliza: "Anko, Digger amefukuzwa kwa sababu yangu?" Nikakosa jibu. Maana jibu la kweli ni hapana, kwa sababu yangu mimi.

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA MBWA

Ningerudi nyuma, nisingeanza kusoma habari za mbwa. Ningemuuliza dada haya:

1. Nyumbani kunakuwa na mtu masaa mangapi? Siyo wikiendi, siku ya KAWAIDA.
2. Nani atamtembeza siku ya mvua na baridi? Taja jina la mtu.
3. Kuwinda ni mara ngapi kwa mwaka? Kama ni Jumamosi sita, basi umebakiza siku 359 za mbwa wa nyumbani. Chagua kwa hizo 359.
4. Kuna mtoto mdogo? Nani atamfundisha MTOTO? Mbwa akila, akilala au akiwa na kitu mdomoni, haguswi. Na mtoto mdogo haachwi na mbwa peke yao, hata mbwa awe malaika.

Ukijibu kwa ukweli, uchaguzi unakuja wenyewe. Mwindaji anayeshinda shambani achukue wa kazi mwenye FTCh zake. Familia inayotoka kidogo itafute wazazi watulivu, yaani mbwa wa kazi ambao wenyewe wanaishi ndani na watoto na siyo wa kukimbiza vikombe, au damu iliyochanganyika. Koka mara nyingi anatosha, kwa udogo wake, lakini usidanganyike na udogo. Koka wa kazi mwenye damu ya mabingwa ni Digger mfupi.

UKIENDA KUNUNUA

Ona mama. Uingereza kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 kuna sheria wanayoiita Sheria ya Lucy. Lucy alikuwa spanieli mdogo, aina ya Cavalier, aliyeokolewa mwaka 2013 kwenye shamba la kuzalisha mbwa huko Wales akiwa hoi kwa kuzalishwa mfululizo. Alikufa 2016, na sheria ikabaki na jina lake. Kwa England, mfanyabiashara haruhusiwi kuuza mbwa wa chini ya miezi sita kama hakumzalisha mwenyewe, na mnunuzi lazima amwone mtoto na mama yake pale alipozaliwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "tukutane kituo cha mafuta, nitakuletea," KIMBIA. Akisema tuma kianzio kwanza kwa picha, kimbia zaidi. Janga la korona lilipofunga watu ndani kila mtu alitaka mbwa, bei zikapaa na matapeli wakaneemeka kwa njia hiyohiyo.

Mtoto haondoki kwa mama kabla ya wiki nane, na awe amewekwa chipu yenye namba zake.

Omba vyeti vya vipimo. Wale wa bailojia kidato cha nne mtanielewa haraka. Koka wana ugonjwa wa figo wa kurithi unaoua vijana, na upofu wa kurithi unaokuja polepole. Springa wana upofu wao, na ugonjwa mmoja wa neva unaoitwa fukosidosisi ambao hauna tiba. Magonjwa haya mbwa anaweza kuyabeba bila kuumwa. Mbebaji akizaa na asiye na kitu, hakuna mtoto atakayeugua. Wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Ndiyo ile ya Mendel na mbegu za njegere tuliyokariri tukidhani ni ya mtihani tu. Kipimo cha vinasaba kinamaliza ubishi, na mfugaji wa maana anakionyesha kabla hujamuuliza. Nyonga na macho ya wazazi vilevile vinapimwa.

Usichague sura wala rangi. Kaa chini, waangalie. Anayejificha kona mwache, anayewapanda wenzake wote mwache pia kama wewe ni mgeni wa mbwa. Mchukue anayekuja, ananusa, anaondoka, anarudi. Na kama unataka wa kuwinda, omba umwone mama au baba akifanya kazi shambani.

Mwisho, mfugaji anayekuhoji usimchukie. Na usimdanganye kama dada alivyofanya. Yale maswali ndiyo yangetuokoa.

MWAKA WA KWANZA

Mbwa mchanga hapelekwi kuwinda. Mwaka wa kwanza ni wa mambo matatu: kuja akiitwa, kukaa akisikia filimbi moja, na kuleta kitu na kukiachia. Hiyo ya tatu haifundishwi kwa kunyang'anya. Unabadilishana: akileta, unampa kitamu au unamrushia kingine, mpaka aone kuleta kuna faida kuliko kukimbia nacho. Tungejua hili mapema, ule mkono usingeng'atwa.

Usimwachie akimbize sungura, maana akishaonja mbio, filimbi haisikiki tena. Bunduki anazoeshwa kwa mbali, polepole, akiwa anafurahia kitu kingine. Mbwa aliyetishwa na mlio mara moja anaweza kuogopa bunduki maisha yake yote.

Halafu masikio. Yale masikio mazuri yanafunika unyevu, na unyevu unaleta uchafu na harufu. Kagua kila wiki, na kila akitoka kwenye nyasi angalia masikioni na katikati ya vidole, mbegu za nyasi zinachoma ngozi na kuingia ndani.

KWETU HUKU JE?

Kuna watakaouliza. Mama yangu hapa Tanga aliposikia mbwa anaingia ndani kwa dada alisema neno moja tu, "Najisi!" Na kwa Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi kweli. Lakini mbwa wa kuwinda ana nafasi yake kwenye dini, Suratul Maida aya ya 4 inaruhusu kula alichokamata mnyama aliyefundishwa kuwinda. Masheikh humu mtanisahihisha taratibu.

Kuwinda nako, Kenya walipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977, na Tanzania huwindi bila leseni. Kwa hiyo anayeleta spanieli huku ajue analeta mbwa wa nyumbani mwenye damu ya porini, atamtafutia kazi nyingine ya pua. Mfiche kitambaa, mfiche mpira, afanye kazi kabla ya kula. Atembee alfajiri au magharibi, saa saba mchana jua litamuua. Kupe wanapenda yale masikio kuliko kitu chochote, na kupe wa huku wana magonjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikose hata mwaka mmoja.

MWISHO WA HADITHI

Mwaka 2023 dada alipunguza zamu, shemeji akapata kazi ya karibu. Ndipo wakaniambia wanataka kujaribu tena. Safari hii sikutuma jina la mbwa, nilituma yale maswali manne. Walikaa wiki mbili wakiyajibu. Wakaenda mara tatu kumwona mama koka mmoja anayewinda Jumamosi na kulala jikoni Jumapili, mzazi wa upande wa pili hana hata FTCh moja mpaka kwa babu yake. Wakachukua jike jeusi. Dada kampa jina la Pemba.

Pemba siyo bingwa. Shemeji anasema bado anawahi kuinuka ndege akipaa. Lakini juzi mpwa wangu alinipigia kwa kamera, Pemba akaja na soksi mdomoni, mtoto hakupiga kelele, akanyoosha mkono na kipande cha karoti. Soksi ikaachiwa. "Umeona, anko?"

Nimeona.

Ni hayo tu wadau. Kama umewahi kufuga spanieli, au mbwa yeyote alikushinda ukaona aibu kusema, weka maoni yako hapo chini. Matusi yatafutwa, ubishi unaruhusiwa.